Mkono Mwororo



Katika Injili ya leo, kama alivyoiandika Luka, Bwana anatusimulia habari za wakili aliyetapanya mali ya tajiri wake. Mwishoni anatupa fundisho ambalo tumelisikia mara nyingi hata limezoeleka masikioni mwetu: kwamba uaminifu wa mtu hupimwa kwanza katika mambo madogo. Fundisho hilo sote hulikubali. Lakini tukiulizwa mambo madogo ni yapi, aghalabu hutaja fedha za jumuiya, ahadi tulizowapa jirani, au saa za kazi. Ni sawa. Leo, hata hivyo, napenda tutazame jambo lililo dogo kuliko hayo. Napenda niwasimulie habari za chura mgonjwa.

Najua baadhi yenu mmetabasamu, na wengine mmekunja uso. Chura ni kiumbe asiyependwa na wengi. Tukisoma habari za Musa twamkumbuka kama pigo lililowapata Wamisri. Methali yetu nayo humtaja kwa dharau, kwamba kelele zake hazimzuii tembo kunywa maji. Na vijijini kwetu yapo mabaya zaidi: chura akionekana chumbani mwa mtu, hasa mtu mzee, watu huanza kunong'ona.

Mwaka mmoja, nikiwa paroko katika parokia ya mashambani, katekista wa kigango alinijia akaniomba niende kumpa Mpako wa Wagonjwa bibi mmoja aliyekuwa amelala kitandani kwa miezi kadhaa. Bibi huyo aliishi na mjukuu wake, binti wa darasa la nne. Tulipokaribia nyumba, katekista alishusha sauti akaniambia, "Padre, watu wanasema bibi huyu anafuga chura ndani. Wanasema si bure."

Nilikuwa na haraka, maana vigango viwili vilikuwa vikiningoja. Niliingia, na kweli, kando ya kitanda palikuwa na beseni kuukuu lenye udongo na majani mabichi, limefunikwa kwa kipande cha wavu. Ndani yake alikuwamo chura mkubwa wa nchi kavu, mwenye ngozi ya vinundu, na mguu wake wa nyuma una jeraha. Mlangoni walikuwa wamesimama majirani, wakitazama. Nami, ndugu zangu, mbele yao wote, nikasema kwa sauti ya amri, "Toeni kitu hiki nje kwanza, ndipo nianze ibada."

Mtoto alinitazama, asiseme neno. Bibi ndiye aliyejibu, kwa sauti dhaifu lakini isiyotetereka: "Padre, nisamehe. Mjukuu wangu ndiye aliyemkata kwa jembe tukipalilia mahindi, siku za mwisho nilizoweza kwenda shambani. Nimemwambia amtunze mpaka apone au afe. Atakayejifunza kumwosha chura bila kumwumiza, huyo ataweza kuniosha na mimi."

Niliona aibu. Niliendesha ibada, na beseni likabaki pale pale lilipokuwa.

Baada ya ibada nilimwuliza mtoto jinsi anavyomtunza mgonjwa wake. Alinieleza kwa utaratibu, kama mwuguzi anayemweleza daktari. Kabla ya kumshika, huosha mikono, akaisuuza mpaka sabuni iishe kabisa, kisha huiacha ikiwa na maji. Humshika kwa muda mfupi tu, pale inapolazimu. Jeraha hulisafisha kwa maji matupu. Bibi amemkataza kutia chumvi wala dawa yoyote ya vidonda vya watu. Udongo huunyunyizia maji asubuhi na jioni. Kisahani cha maji hukibadilisha kila siku. Chakula ni mchwa na panzi wadogo walio hai, na asipokula, huwaondoa wasije wakamsumbua. Akimaliza, huosha mikono tena kabla ya kugusa chakula cha Bibi, kwa kuwa ngozi ya chura ina sumu yake ya kujikinga.

Siku chache baadaye nilikutana na bwana mifugo wa kata, nikamsimulia. Nilidhani atacheka. Badala yake alisema bibi yule anajua mengi, akanieleza sababu zake. Chura hanywi maji kwa kinywa kama sisi. Huyanywa kwa ngozi, hasa ile ya tumboni. Kwa ngozi hiyo hiyo huvuta pia sehemu ya pumzi yake. Basi lolote litakaloigusa ngozi, iwe sabuni, chumvi, spiriti au dawa ya kuulia wadudu, huweza kupenya mpaka ndani ya mwili. Ndiyo maana maji ya mvua au ya kisima safi humfaa, na ya bomba hufaa kuachwa wazi kutwa kucha, ili dawa iliyotiwa humo ipungue. Hula kile anachokiona kikitembea. Ukimpa ugali, atakufa njaa mbele yake. Chura mgonjwa akae peke yake, mahali penye kivuli na utulivu, wala asipelekwe mtoni angali mgonjwa, asije akawaambukiza wenzake. Na akiwa mlegevu, amevimba, ngozi yake ikibambuka ovyo au miguu ikigeuka myekundu, mjuzi wa wanyama aitwe mapema.

Wapenzi wasikilizaji, niliporudi nyumbani jioni ile nilitafakari sana. Kiumbe huyu hana ganda wala manyoya ya kumkinga. Umgusapo, umegusa pumzi yake. Je, si hivyo alivyo kila mgonjwa? Mtu aliyelala kitandani hana ngozi ngumu tena. Neno moja la ukali, uso mmoja uliokunjwa mlangoni, humpenya mpaka ndani. Nami nilikuwa nimeingia katika nyumba ile na mikono yenye chumvi.

Tena kosa langu lilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Kwa amri yangu, niliyoitoa mbele ya majirani, niliyathibitisha yale waliyokuwa wakiyanong'ona. Tunajua wote jinsi minong'ono ya namna hiyo inavyoishia. Katika nchi yetu akina bibi wengi wamepigwa na kuuawa kwa kisingizio cha uchawi, mara nyingine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni waliopikia maisha yao yote. Kwa hiyo Dominika iliyofuata nilikwenda katika kigango kile, na mbele ya waamini wote nikasema kwamba nilikosa. Nikawasimulia habari za jembe, za jeraha na za beseni. Kisha baada ya Misa nikawaalika wenye kunong'ona twende pamoja tukamsalimu Bibi. Walikuja watu wachache. Lakini walikuja, na mmoja wao alibeba kopo la mchwa.

Labda yuko msikilizaji asemaye, "Padre, hayo ni mambo ya watoto na wazee, watu wazima wana kazi." Basi nikukumbushe habari iliyotokea katika nchi yetu, katika milima ya Udzungwa. Mwaka 1996, katika korongo la mto Kihansi, wataalamu walimgundua chura mdogo wa rangi ya manjano, asiyefikia urefu wa sentimeta 3, azaaye watoto walio hai. Aliishi hapo tu, katika manyunyu ya maporomoko ya maji, wala hakupatikana mahali pengine popote duniani. Wakati huo taifa lilikuwa likijenga hapo mtambo wa umeme wa megawati 180, umeme tuliouhitaji sana kwa hospitali, shule na viwanda. Mwaka 2000 maji mengi ya mto yalikwisha kuelekezwa kwenye mitambo, na manyunyu yakatoweka.

Mwishoni mwa mwaka huo vyura 499 walichukuliwa wakapelekwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx mjini New York. Na baadaye bustani ya Toledo, katika jimbo la Ohio, ikashiriki kazi hiyo. Korongoni yalitandazwa mabomba ya kunyunyiza maji ili kuiga manyunyu ya zamani. Walakini mwaka 2003 vyura waliobaki korongoni walipungua ghafla mno, na ugonjwa wa ukungu unaoshambulia ngozi ya vyura ulionekana kwao. Huko Marekani pia wengi walikufa, mpaka wakabaki chini ya mia. Watunzaji hawakukata tamaa. Walijifunza polepole mwanga unaowafaa, chakula, maji na dawa. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chura huyo ametoweka porini. Lakini mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa nyumbani, wakatunzwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 kazi ya kuwarejesha korongoni ikaanza.

Sisemi umeme ni dhambi. Nasema tu kwamba wasomi wa mataifa mawili waliinama miaka mingi juu ya kiumbe anayekaa juu ya kucha ya kidole gumba, wakafanya kwa vyombo vyao yale yale mtoto wa darasa la nne aliyoyafanya kwa beseni kuukuu: maji safi, chakula kilicho hai, mkono mwororo, na subira.

Tujifunze nini basi, ndugu wapendwa?

Kwanza, kutunza ni kujifunza. Upendo usiotaka kujua huweza kuua. Mtu atiaye chumvi katika jeraha la chura huenda anampenda kweli, lakini anampenda kwa ujinga. Ukiwa na mgonjwa nyumbani, mwulize mwuguzi jinsi ya kumgeuza, kumlisha na kumwosha. Hiyo nayo ni sala.

Pili, wazazi na makatekista, msimcheke mtoto anayehangaikia mdudu au ndege aliyevunjika bawa. Mwongozeni. Mwambieni aoshe mikono, mwambieni aulize wajuao, na mnyama akipona mwambieni amrudishe alikotoka. Mtoto anayedhihakiwa kwa huruma yake atajifunza upesi kuificha, na kesho tutamtafuta mtu wa kutuuguza tusimpate.

Tatu, tuchunge ndimi zetu. Mungu aliyeviumba viumbe vyote akaviona kuwa ni vyema hakumtoa chura katika hesabu hiyo. Si sisi basi tutakaomfanya kiumbe wake kuwa ushahidi wa kumhukumu jirani.

Mtapenda kujua mwisho wa habari yangu. Baada ya majuma kadhaa jeraha la chura lilifunga. Alichechemea, lakini alikula na kuruka. Jioni moja mtoto alimchukua katika beseni, akamrudisha kwenye shamba lile lile la mahindi.

Bibi hakupona. Alifariki kabla ya mvua za vuli. Akina mama waliomwosha kwa mazishi waliniambia jambo moja ambalo sijalisahau: kwamba baada ya miezi yote ile ya kulala, mwilini mwake hapakuwa na kidonda hata kimoja cha kulalia. Mtoto alikuwa amemgeuza kila siku, asubuhi, mchana na usiku, kwa mkono aliofundishwa.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliye mkuu na usiyekidharau kilicho kidogo, tujalie mikono safi na miororo kwa wote walio dhaifu. Utusamehe pale tulipoingia katika nyumba za wagonjwa na haraka zetu na hukumu zetu. Uwapumzishe kwa amani wazee wetu waliotufundisha huruma, na uwalinde wale wanaoishi katika hofu ya majirani zao. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Nawatakieni Dominika njema. Tumsifu Yesu Kristo!