Mita mpya ikibisha hodi



Majuma mawili yaliyopita nilipanda milima kwenda kwetu Rangwi kwa kikao cha ukoo. Shughuli yenyewe ilikuwa mpaka wa shamba la marehemu babu, na sina haja ya kuwachosha nayo. Lakini jioni, tulipokwisha kula, tukiwa tumejikunyata kwa baridi sebuleni kwa shangazi, kile kidude kilichokaa juu ya kabati, ambacho karibu kila mtu hapa nchini anakiita rimoti ya LUKU, kikaanza kulia. Mazungumzo ya mpaka yakakoma. Watu wakatazamana. Shangazi hakusema neno. Alikuwa akiangalia ni nani atakayeingiza mkono mfukoni.

Hapana budi niwaeleze mji ule ulivyo. Shangazi ni mjane. Nyumba yake iko katikati, binamu zangu wawili waliooa wamejenga kando yake, na upande wa nyuma kuna chumba alichopanga mwalimu mmoja. Kaya nne, lakini mita ni moja, iko juu ya nguzo, imeandikishwa kwa jina la shangazi. Umeme ukiisha unawaishia wote, na kuchanga ni kwa zamu, elfu moja huyu, elfu mbili yule. Yuko pia binamu wa tatu, anayefanya kazi Dar es Salaam. Yeye mchango wake ni kununua umeme kwa simu akiwa huko huko na kumtumia mama yake zile namba ishirini.

Basi rimoti ilipokuwa ikilia, mwalimu akasema, kama mzaha, kwamba kelele hizi zitakwisha. Tangu mwaka 2024 TANESCO imeanza kufungia baadhi ya wateja mita za aina mpya, mita janja, ambazo ukinunua umeme unaingia wenyewe bila kubonyeza namba, na ofisi inaisoma mita bila mtu kutoka nje. Zimeanzia mijini, lakini kilichoanzia mjini huwa kinapanda mlima hatimaye. Je, akauliza, wakija hapa mtakubali?

Wasikilizaji wangu, tulikesha. Mpaka wa shamba ukasahauliwa kabisa.

Binamu yangu mkubwa alikuwa wa kwanza kukataa. Hoja yake ilikuwa moja: mtu aketi ofisini Korogwe au Tanga, abonyeze kitufe, na mimi hapa Rangwi nibaki gizani? Nikamwambia LUKU imekwisha kutuzoesha jambo hilo hilo, tena bila kumwajiri mtu wa kubonyeza. Kabla ya LUKU kuletwa katikati ya miaka ya 1990, msoma mita alipita nyumba kwa nyumba, bili ikafuata, na ukichelewa kulipa alikuja mtu na ngazi kukata. Siku hizi umeme unajikata wenyewe. Hakuna anayekudai, na hilo ni jema. Lakini pia hakuna anayehesabu ni nyumba ngapi zimekaa gizani siku tatu kwa kukosa shilingi elfu moja, kwa sababu kwenye vitabu hakuna aliyekatiwa. Ni wewe uliyeacha kununua.

Hata hivyo hofu ya binamu si ya kijinga, na sikupenda mwalimu alivyomcheka. Mwanzoni mwa mwaka 2023 ilifichuka kule Uingereza kwamba watu waliokuwa wakifanya kazi kwa niaba ya kampuni kubwa ya gesi na umeme walikuwa wakiingia kwa nguvu, na hati ya mahakama mkononi, katika nyumba za wadaiwa, wengine wakiwa wagonjwa, ili wawafungie mita za kulipia kabla. Mwezi Februari mwaka huo Ofgem, ambacho ndicho chombo kinachosimamia kampuni hizo, kikazitaka zisimamishe ufungaji huo wa nguvu. Lakini aliyekwisha kufungiwa mita janja hakuhitaji kuvunjiwa mlango. Mita yake iliweza kugeuzwa kuwa ya kulipia kabla kutoka ofisini. Kitufe anachokiogopa binamu yangu kipo kweli.

Mke wake, ambaye ana cherehani ya mota na hushona sare za shule, yeye aliitaka mita mpya hata kesho. Amechoka kusingiziwa. Kila umeme ukiisha mapema, macho yote huelekea kwenye cherehani yake. Alidhani mita janja itasema nani katumia kiasi gani. Ilinibidi nimvunje moyo. Mita haioni ndani ya nyumba. Inapima umeme wote unaopita kwenye waya unaoingia, na ujanja wake ni kwamba inaandika kiasi hicho kwa saa, au hata kwa vipande vya saa, na kukituma ofisini. Itajua kwamba saa mbili usiku mji wa shangazi ulitumia sana. Haitajua kama ni cherehani, pasi ya mwalimu, au televisheni ya shemeji yake.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana kuna hesabu ambayo familia nyingi hazijaifanya. Kwa bei zilizopitishwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani, yule asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, aliwekewa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Akizidi, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Kundi la juu yake aliwekewa shilingi 292 kwa uniti zote. Sasa, kaya moja yenye taa nne, redio na simu za kuchaji haifiki uniti 75 hata kidogo. Lakini unganisheni kaya nne juu ya mita moja, ongezeni pasi na cherehani, mtaona zinavyopita. Maskini wanne wakichangia mita moja huhesabiwa kama tajiri mmoja. Mita janja haiondoi jambo hili. Linaloliondoa ni kila kaya kuwa na mita yake, na kwa wateja wa vijijini ada ya kuunganishwa iliwekwa shilingi 27,000. Nilipolisema hilo binamu mdogo akanikumbusha gharama ya kutandaza nyaya ndani, na vishoka wanaodai zaidi ya hiyo ada kwa kazi ya nusu siku. Ni kweli. Lakini ugomvi wa cherehani nao una gharama yake.

Mwalimu, aliyeleta habari yenyewe, alipoulizwa msimamo wake akageuka kidogo. Alisema anaipenda mita hiyo ila hapendi ijue saa anazolala. Watu walicheka tena, safari hii wakimcheka yeye. Lakini mwaka 2009 Baraza la Seneti la Uholanzi lilikwamisha sheria ya kulazimisha kila nyumba kufungiwa mita ya namna hiyo, na hoja ilikuwa hiyo hiyo ya mwalimu wetu: matumizi ya umeme ya saa kwa saa yanaonyesha lini watu wameamka, lini wametoka, na lini nyumba iko tupu. Kijijini majirani wanayajua yote hayo bila mita, lakini jirani hayaandiki wala hayatunzi ofisini.

Sasa nije kwa shangazi mwenyewe, ambaye alikuwa kimya muda wote huo. Alipozungumza hakutaja bei wala kitufe. Aliuliza: "Zile namba hazitakuwapo tena?" Mwalimu akamjibu kwa furaha kwamba hazitakuwapo, mwanawe akinunua Dar es Salaam umeme utaingia wenyewe. Shangazi akasema, "Basi na yeye hatapiga simu."

Ikabidi wanieleze. Binamu yule wa Dar es Salaam hutuma namba kwa ujumbe, kisha hupiga kuhakikisha kama zimeingia. Mama yake husema zimeingia, halafu ndipo wanapozungumza habari za nyumbani. Na anayebonyeza ni mjukuu, wa darasa la tatu, kwa kuwa macho ya shangazi hayaoni vizuri tarakimu za kwenye rimoti. Mwaka 2024, wakati wa lile zoezi la kuboresha mita, zilikuja namba sitini kwa mpigo. Mtakumbuka sababu yake: mfumo huu, unaotumika katika nchi nyingi, ulikuwa ukihesabu dakika tangu mwaka 1993, na nafasi ya kuandikia dakika hizo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo isingeboreshwa isingepokea tena umeme. Basi makundi mawili ya kwanza yalikuwa ya kuiboresha mita, la tatu ndilo lenye umeme. Mjukuu alikosea mara mbili, akaanza upya, bibi akimsomea kutoka kwenye karatasi aliyoandikiwa na mwalimu. Mtoto yule, walinieleza kwa fahari, hakuna anayemshinda kusoma tarakimu darasani.

Mimi sikuwa nimefikiria jambo hili. Nilikwenda Rangwi nikiiona mita mpya kuwa maendeleo tu, na wanaoisitia kuwa watu wa kuelimishwa. Lakini ona namba ishirini zilivyo. Ni kama barua. Zinaweza kusomwa kwa simu, kuandikwa kwenye daftari, kupelekwa na mtoto anayekimbia. Zikifika kwenye rimoti zinafanya kazi hata kama mtandao wa simu umelala bondeni. Kwetu, shangazi akitaka kuzungumza na Dar es Salaam hupanda kwenye jiwe kubwa nyuma ya nyumba, kwa kuwa sebuleni mtandao haushiki. Mita inayotegemea mawasiliano ili ipokee umeme nilioulipia, itapanda jiwe gani?

Kwa hiyo nilipoulizwa mimi nasemaje, nilisema hivi. Mita janja ina faida. Hitilafu ya laini itajulikana kabla mtu hajatembea kwenda kutoa taarifa, wizi wa umeme utaonekana, na umeme unaopotea ni fedha zetu sote. Sisi watu wa Tanga tunajua thamani yake: Hale ilianza kuzalisha miaka ya 1960, Pangani mpya mwaka 1995, na kwa miaka mingi waliokaa kwenye vilima hivi waliangalia taa za bondeni kwa mbali. Lakini nikasema mita ije na vitufe vyake, ili namba ziweze kuingizwa kwa mkono siku mawasiliano yanapokatika. Ibaki na kioo cha kuonyesha uniti ndani ya nyumba, siyo kwenye simu ya mwana aliye mbali. Na kabla ya kufungwa, mwenye mji aelezwe kwa maneno ya kueleweka ni nini ofisi itaona na ni katika hali gani inaweza kukata.

Binamu mkubwa alisema hiyo ni hotuba ya redioni. Sikumbishia.

Wakati huo rimoti ilikuwa bado inalia, na hakuna aliyetoa hata shilingi mia tano. Shangazi akajifunga kanga ya pili, akachukua simu na tochi, akatoka na mjukuu kwenda kwenye jiwe. Tulimsikia akizungumza huko nje katika ukungu kwa muda mrefu kuliko zinavyohitaji namba ishirini. Waliporudi, zilikuwa zimeandikwa kwa kalamu kwenye kiganja cha mtoto. Akabonyeza bila kukosea, rimoti ikanyamaza.

Mwalimu akamuuliza tena: wakija na mita hiyo, mama, tuwajibu nini?

"Waje mchana," akasema, "na waniulize mimi, mita ni ya jina langu." Kisha akatugeukia sisi wanaume na kutaka kujua ule mti wa mpakani tulikuwa tumesema uko upande wa nani.