Mashahidi Wako Sudi

Msikilizaji, mtafiti anayefika Sudi, kijiji cha wavuvi katika pwani ya Tanzania, kuuliza habari za mikoko au pweza huenda akahitaji kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Wavuvi humjibu, naye huondoka. Takwimu zake zikija kushukiwa kuwa za kubuni, nani ataulizwa?

Wizi wa maandishi huonyeshwa kwa urahisi: programu hulinganisha kurasa. Lakini programu hiyo haioni dodoso lililojazwa hotelini. Hapo kamati ya chuo idai daftari za uwandani, madodoso yenyewe na tarehe za safari, kisha ifike kijijini. Wavuvi wale ni mashahidi kamili, waitwe.

Shaka huweza kuzuka hata kwa idadi tu: nchini Kenya, Juni 2019, chuo kikuu cha JKUAT kilitunuku shahada za uzamivu 118 katika mahafali moja, na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikachunguza. Wingi peke yake hauthibitishi udanganyifu. Unatosha kuanzisha maswali, basi. Mtuhumiwa ana haki ya kuelezwa madai, kujibu na kukata rufaa. Mtoa taarifa naye alindwe, maana mara nyingi ni mwanafunzi anayengoja saini ya mtuhumiwa huyo huyo, msimamizi wake.

Linaloniuma zaidi ni chuo kujichunguza chenyewe, huku kikihofia jina lake na fedha za wafadhili. Awemo mtaalamu wa nje katika kila kamati, na uamuzi ukishatoka, usomwe pia Sudi, kwa Kiswahili, mbele ya waliohojiwa.