Moshi kwanza, marumaru baadaye

Msikilizaji, ukikarabati jiko huku mama akikaribia kujifungua, anza na moshi, marumaru zitasubiri. Shirika la Afya Duniani linasema hewa chafu ya majumbani husababisha asilimia 44 ya vifo vya nimonia kwa watoto walio chini ya miaka 5, na mtoto mchanga hushinda na mama yake, hata kando ya mafiga. Wapo wasemao kupikia gesi ili kuepuka moshi ni ghali. Ni kweli, lakini dirisha linalotazamana na mlango hugharimu kidogo kuliko makabati ya ukutani. Wengine husema wazee wetu walikulia moshini. Tunaowaona ni waliosalimika. Rangi kuukuu nayo huweza kuwa na madini ya risasi, yanayodhuru ubongo wa mtoto. Lowanisha ukuta kabla ya kuukwangua, mama akiwa mbali, na kazi iishe kabla mtoto hajaletwa nyumbani.