Mgombea mgeni alijaza soko, mbona akaanguka kwenye mchujo?

Haya ni maneno niliyowaambia vijana wa wadi yetu Jumamosi. Wengi mmeniomba niyaweke hapa, kwa hivyo someni pole pole. Sheria ya huu uzi ni ile ile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Ukitaja, nafuta.

Asanteni kwa kunikaribisha. Mwenyekiti ameniuliza swali moja, na najua linawauma. Mtu anatokea nje ya chama. Baba yake hakuwa mheshimiwa, hajawahi kuketi kwenye ofisi za chama, lakini kila bodaboda anamtaja na mtandaoni ni yeye tu. Siku ya mchujo anabwagwa mchana kweupe. Je, aliibiwa?

Wakati mwingine ndiyo, sitawadanganya. Lakini kuna kitu kingine kinachommaliza kabla hata sanduku halijafika, na hicho nilikiona kwa macho yangu.

Aprili 2022 nilikuwa wakala wa mgombea kama huyo, wa kiti cha MCA. Alikuwa fundi wa maji. Watu walimpenda kwa sababu mfereji ukikauka ukimpigia simu anashika, na mheshimiwa aliyekuwepo simu yake ilikuwa mteja hapatikani tangu aapishwe. Sasa nyinyi mnajua eneo letu. Ukipata tiketi ya kile chama, Agosti watu wanapiga suti na wewe unangoja kuapishwa tu. Kwa hivyo uchaguzi wetu wenyewe ni mchujo. Hiyo ya Agosti ni kama kuthibitisha.

Kituo chetu kilikuwa shule ya msingi. Saa kumi na mbili asubuhi foleni ilikuwa imefika barabarani, na nusu yake nilikuwa nawajua: watu wetu. Nikampigia fundi simu nikamwambia atulie, kazi imeisha. Masanduku yakaja saa tano kasorobo, wazee kadhaa wameshakata tamaa wakarudi nyumbani. Kisha karani akafungua rejista ya wanachama.

Mama mboga wa kwanza, jina halipo. Wa pili, halipo. Kijana mmoja wa bodaboda akaambiwa yeye ni mwanachama wa chama kingine kabisa, na anaapa hajawahi hata kuvaa tisheti yake. Nilianza kuandika majina ya waliorudishwa nyuma ya daftari langu. Nilipofika 37 nikaacha, maana nilikuwa napoteza kuangalia sanduku. Vituo vingine nilisikia waliruhusu mtu yeyote mwenye kitambulisho. Kwetu walikaza. Jioni tulikuwa tumeshindwa, na sio kwa mbali.

Hao 37 wote walikuwa wapiga kura halali wa IEBC. Walidhani hiyo inatosha. Na mimi wakala wao, aibu yangu, nilidhani hivyo hivyo.

Sikieni hapa vizuri. Kuna rejista mbili. Moja ni ya wapiga kura, iko kwa IEBC, hiyo ndiyo ya Agosti. Nyingine ni ya wanachama wa chama, na Msajili wa Vyama vya Kisiasa ndiye anayeithibitisha. Sheria ya vyama iliyorekebishwa mwaka 2022 inasema anayeshiriki mchujo ni mwanachama aliye kwenye hiyo ya pili. Sheria hiyo hiyo inaruhusu chama kisiite wanachama wote, kitumie wajumbe. Na bado kuna ile ya kukaa hotelini, mkaambiwa kuna makubaliano, tiketi ya moja kwa moja imepewa fulani. Mgeni akisikia neno "wajumbe" ajue uwanja umehamishwa, kwa sababu wajumbe huchaguliwa na wenye chama, na wenye chama wanajuana.

Ndiyo maana nasema mwenye chama hana haja kubwa ya kuiba. Yeye anaandikisha watu wake mapema, nyumba kwa nyumba, wakati sisi tuko Facebook tunahesabu likes.

Wazee wetu wakisikia tukilia hivi wanacheka, na wana haki. Wao waliona mlolongo wa 1988. Unasimama nyuma ya mtu wako au picha yake, chifu anakuona, mwajiri anakuona. Na aliyepita asilimia 70 kwenye mlolongo alihesabiwa ameshinda kiti, hakuna kura ya siri tena. Watu walishuhudia foleni fupi ikitangazwa kuwa ndefu. Leo tuna Katiba ya 2010, na kifungu cha 91 kinataka chama kifanye uchaguzi wa ndani ulio huru na wa haki. Umbali upo. Lakini yule mzee aliyerudi nyumbani saa nne bila kupiga kura, sijui ningemwambia nini kuhusu kifungu cha 91.

Kuna mmoja ameuliza kuhusu kwenda huru. Inawezekana. Kwa kiti cha MCA unahitaji wapiga kura 500 wa wadi yako wakuunge mkono, kwa mbunge 1,000. Shida ni kalenda. Kifungu cha 85 kinasema uwe umetoka chamani angalau miezi 3 kabla ya uchaguzi. Uchaguzi ujao ni 10 Agosti 2027, kwa hivyo mwanzoni mwa Mei uwe nje. Mchujo ukifanywa mwishoni mwa Aprili, una siku chache za kuamua kama unaenda huru au unapeleka malalamiko. Na malalamiko yanaanzia ndani ya chama chenyewe, kisha Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama, kisha Mahakama Kuu. Fundi wetu alikaa siku nne akishauriana na familia. Siku nne ni nyingi sana hapo.

Na tusidanganyane pia. Sio kila mgeni ni msafi. Wengine ni watu waliokosa tiketi kwingine wakaja kwetu na pesa. Mimi swali langu kwake ni moja: umeandikisha wanachama wangapi, wapi, na nani ana orodha? Akinionyesha video ya umati, nashukuru kwa video. Lakini akisemwa ni "mtu wa kuja" kwa sababu babu yake hakuzikwa hapa, hiyo mimi siikubali. Maji hayaulizi babu yako.

Hapo nilikuwa nataka kuketi. Mama mmoja pale nyuma, aliyekuwa ameingia eCitizen kwa simu ya mwanawe tangu nilipotaja rejista, akainua mkono. "Mwanangu, hapa wanasema mimi ni mwanachama. Hiki chama hata sikijui." Ukumbi wote ukatoa simu. Tulihesabu sita kama yeye kabla hatujafunga mkutano, na kijana wa mwenyekiti akabaki kuwasaidia kujiondoa, mmoja mmoja, hadi bando lake likaisha.