Maji ndani ya gari: tafuta njia yake mbele ya kupaka mastiki

(Maneno ya kamati ya gari mbele ya wanachama na mashofa. Yameandikwa karibu jinsi yalivyosemwa.)

Komite imetuomba tuseme habari ya maji yanayoingia ndani ya gari. Wengine hapa wamecheka: maji tena? Tumelala miaka chini ya plastiki kule Nyarugusu, nani atatufundisha kitu kinachovuja? Ni kweli. Lakini plastiki ikitoboka, tone linaanguka chini ya tundu, unainua macho unaliona. Gari haiko vile. Maji yanaingia nyuma, yanatembea ndani ya bati, yanatokea mbele kwenye miguu ya shofa. Njo maana tumeomba saa hii.

Kwanza mjue kwa nini tunasumbuka. Noah yetu njo inapeleka wagonjwa hospitali, na mama wa uchungu usiku wa manane. Njo inabeba pia mizigo ya wenzetu wanaorudi, na ndani ya mizigo kuna karatasi zao ambazo hakuna ofisi itakayowapa nyingine kwa upesi. Sasa, chini ya tapi ya gari kuna sponji nene kama godoro. Juu unagusa, pakavu. Chini sponji imekunywa maji ya mvua ya wiki 3 zilizopita. Na nyaya za umeme zinapita palepale, chini ya sponji, kwenye kizingiti cha mlango. Maji yakikaa, shaba ndani ya plagi inageuka kijani, taa inaanza kuwaka na kuzima ovyo, siku nyingine gari inakataa kabisa kuwaka. Hiyo siku haichagui kama kuna mgonjwa ndani ao hapana. Bati nalo linakula kutu kutokea ndani, mahali hakuna jicho linalofika.

Gari hii ilipowekwa mikononi mwetu, ilikuwa imekwisha kupita gariji moja ambayo hatutaitaja. Kila pembe ilikuwa imepakwa silikoni: kuzunguka kioo cha mbele, juu ya mipira ya milango, hata chini ya milango. Mvua ya kwanza ikanyesha, maji yakaingia kama kawaida. Kumbe mengine yalikuwa yanaingia zaidi kuliko mbele ya kupakwa.

Hapa wandugu msikilize vizuri, ni neno ambalo mashofa wengi hawalijui. Aliyetengeneza gari hakuwaza kuzuia maji yote. Alijua mengine yatapita, akayapa njia ya kutoka. Tazama mlango. Kioo kinaposhuka, kinaingia ndani ya mlango, na maji ya mvua yanakifuata. Hakuna mpira unaoweza kuyazuia yote. Basi ndani ya mlango ni bomba la maji: yanashuka mpaka chini, yanatoka kwa vitundu vidogo vilivyo kwenye ukingo wa chini. Nyuma ya ile sura ya ndani ya mlango, mahali unapoegemeza kiwiko, kuna karatasi ya plastiki iliyobandikwa kwa gundi nyeusi. Kazi yake ni kuyakataza maji yasije upande wa watu. Fundi wa redio akija kuweka spika, anapasua ile plastiki, anafunga sura, anaenda zake. Tangu siku ile maji yanakuja kwenye tapi. Na mtu akiziba vile vitundu vya chini kwa mastiki, akifikiri anasaidia, mlango unajaa kama ndoo. Ukifungua na kusikia maji yanacheza ndani ya mlango, umekwisha kujua ugonjwa.

Ni vilevile chini ya waipa. Pale kwenye ukingo wa kioo, chini ya ile plastiki nyeusi, kuna mfereji unaopokea maji yote ya kioo na kuyatupa pembeni, nyuma ya magurudumu ya mbele. Gari ikilala chini ya mwembe, majani yanaingia mule, yanaoza, yanakuwa udongo. Mfereji ukiziba, maji yanapanda mpaka tundu linaloingiza hewa ndani ya gari, na kutoka pale yanamwagika kwenye miguu ya abiria wa mbele. Gari zenye dirisha la paa ziko na mirija myembamba inayoshuka ndani ya nguzo, nayo inaziba. Kwa hiyo, mbele ya kufunga tundu lolote, jiulize kama ni tundu la kuingia ao la kutoka.

Halafu jua ni maji gani. Si kila maji ni ya mvua. Ukikuta maji safi, hayanuki, upande wa abiria wa mbele, siku ya jua kali ambapo kiyoyozi kiliwashwa, angalia mrija wa kiyoyozi. Kiyoyozi kinatoa maji kama chupa ya baridi inavyotoa jasho, na mrija wake unayapeleka chini ya gari. Ikiwa umesafiri saa nzima na klima, kisha umesimama na hakuna tone hata moja chini ya gari, mrija umeziba kwa vumbi, na vumbi la barabara zetu mnalijua. Ukikuta maji yenye rangi, yanateleza kwenye vidole, yana harufu ya utamu, na kioo cha mbele kinapata ukungu wa mafuta, hayo ni maji ya mota. Radiata ndogo iliyo nyuma ya dashibodi imetoboka. Usiyaonje, ni sumu, na usiende mbali, kwa sababu mota inabaki bila maji. Hiyo ni kazi ya fundi siku ileile.

Sasa tuseme ni ya mvua. Unatafuta ginsi gani? Toa viti na tapi. Kama gari ina mifuko ya hewa ya kukinga ajali, toa kwanza kebo ya betri, ungoje dakika chache mbele ya kugusa plagi za rangi ya njano chini ya viti. Kausha bati kabisa kwa kitambaa. Kisha mtu mmoja aingie ndani na tochi, milango ifungwe, mwingine abaki inje na maji. Hatuna bomba lenye nguvu, na ni afadhali, kwa sababu maji ya nguvu yanapita hata mahali ambapo mvua haipiti. Sisi tulitoboa kifuniko cha bidoni vitundu kama vya chujio, ikawa mvua yetu. Anza chini, panda pole pole: kizingiti, mlango, kioo, mwisho paa. Kila mahali dakika 5 ao 10. Ukianza juu, maji yanashuka kila upande na hutajua ni wapi yaliingilia. Aliye ndani asiseme tu "nimeona maji". Afuate mstari kwa tochi mpaka juu, pale unapoanzia.

Kama huna mtu wa kusaidia, paka unga mkavu wa muhogo kidogo, ao poda ya mtoto, kwenye bati chini ya mpira. Maji yakipita yanaacha mstari ndani ya unga. Na mpira wa mlango unapimwa kwa karatasi: funga mlango juu ya kipande cha daftari, kivute. Kikitoka bila kushikwa, pale mpira umelala. (Tumeona mtu anapima kwa noti ya franga 500. Daftari inatosha.)

Kwa Noah yetu tulikuta njia 2, na hakuna hata moja iliyokuwa kwenye kioo kilichopakwa silikoni. Ya kwanza ilikuwa ule mfereji wa chini ya waipa: tulitoa majani na udongo wa kujaza sufuria. Ya pili ilikuwa juu. Mnajua gari zetu zinabeba nini juu: makaa, ndizi, magodoro, baiskeli. Kerio ya paa imeshikwa kwa bulo zinazopita ndani ya bati. Uzito na mashimo ya barabara vinatikisa bulo mpaka raba ya chini yake inakatika. Maji yaliingia kwenye bulo ya mbele kushoto, yakatembea juu ya dari, yakashuka ndani ya nguzo ya katikati, yakatokea chini ya kiti cha pili. Mwenye kutafuta chini ya kiti cha pili angetafuta mpaka kiama.

Kutengeneza kwenyewe hakukuwa kazi kubwa. Mfereji unasafishwa kwa mkono na maji. Mirija inasukumwa kwa uzi mnene wa kuvulia samaki, si kwa waya mgumu unaotoboa, wala si kwa hewa ya kompresa, maana hewa inaweza kuuchomoa mrija ndani ambako huwezi kuurudisha. Bulo tulizitoa, tukakwangua kutu mpaka bati jeupe, tukapaka rangi ya kuzuia kutu, tukaacha ikauke, kisha mastiki ya poliuretani, ile inayotumika kwa vioo vya gari, pamoja na raba mpya. Plastiki ya mlango tulibandika upya. Silikoni inayonuka kama siki iacheni kwa wajenzi wa bafu: ile siki inakula bati, na rangi haishiki tena juu yake. Tulitumia siku 2 kuikwangua.

Tapi na sponji vilikaa juani siku 4, vikigeuzwa. Msikaushe kwa moto, na msirudishe sponji kama bado inanuka, kwa sababu kuvu inaanza upya na watoto wanakohoa.

Kuna maji mengine yanayotoka chini, tunapovuka mito na madimbwi. Chini ya bati kuna vifuniko vya raba, mawe yanaving'oa. Tulihesabu 3 vimepotea kwa Noah, tumeviweka. Lakini gari iliyozama kwenye mafuriko, kama zile za Uvira mwezi wa 4 mwaka 2020, hiyo ni habari nyingine, na mtu akikuuzia gari ya namna hiyo kwa bei ya chini, vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho: tope kwenye mkanda halidanganyi.

Kwa marafiki wanaotusaidia: pesa ya kazi hii ilitumika kwa mastiki, raba, rangi na vifuniko, na mikono ilikuwa ya wanachama. Kinachobaki ni kipande cha bati chini ya kiti cha pili. Kutu imekitoboa, kinaomba kukatwa na kulehemiwa mbele ya mvua ya mwezi wa 10. Gari itasimama siku 3. Tunaomba mwanachama mwenye gari atuazime siku hizo kwa ajili ya wagonjwa. Na shofa yeyote anayetaka kupima gari yake aje Jumamosi asubuhi na bidoni yake ya maji.