Picha Moja, Mfuko Mzima

Msikilizaji, fedha za sanaa hukatwa kwa kelele kubwa kuliko fedha zenyewe. Tazama Marekani. Mei 1989, Seneta Alfonse D'Amato alisimama katika Seneti akachanachana katalogi ya maonyesho. Ndani yake mlikuwa na picha ya Andres Serrano: msalaba mdogo wa plastiki uliozamishwa kwenye mkojo. Serrano alikuwa amepewa dola 15,000 na kituo kimoja cha sanaa kilichofadhiliwa na mfuko wa sanaa wa taifa, ulioundwa mwaka 1965.

Wanasiasa wakapata mtaji. Mlipakodi asiyewahi kukanyaga jumba la sanaa akaambiwa dini yake inatukanwa kwa pesa yake mwenyewe. Hata ungekuwa wewe, ingekuchoma. Warepublican waliposhika Bunge, mfuko ukashuka kutoka dola milioni 162 mwaka 1995 hadi milioni 99 na ushei mwaka 1996. Kwa serikali ile, hiyo ni chenji tu. Ruzuku za msanii mmoja mmoja zikafutwa karibu zote, waandishi wakasalimika.

Mbona mfuko haukufa? Asilimia 40 ya ruzuku zake huenda majimboni, na mbunge gani angependa kurudi kwao kueleza kwa nini kikundi cha maigizo kimefungiwa mlango?