Kifaa cha VTS Ndani ya Basi: Mali ya Mmiliki, Kinga ya Abiria



Barabara Kuu ya TANZAM ndiyo tegemeo la wakazi wa Nyanda za Juu Kusini. Kwa njia hiyo mwanafunzi wa Mbeya huenda chuoni Iringa, na mfanyabiashara hufuata soko. Ndiyo pia yenye miteremko ya Iwambi na Inyala mkoani Mbeya, na kona za Mlima Kitonga mkoani Iringa. Wengi husema ajali haina kinga. Mwendokasi, hata hivyo, unayo kinga.

Kinga mojawapo ni Mfumo wa Kufuatilia Mwenendo wa Mabasi, VTS, unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Kifaa kilichofungwa ndani ya basi hutambua kwa setilaiti mahali lilipo na kasi yake, kisha hutuma taarifa hizo kwa mtandao wa simu. Basi kubwa halipaswi kuzidi kilomita 80 kwa saa, wala 50 penye makazi.

Kifaa hicho ni cha nani? Mmiliki wa basi hukigharimia, hivyo ni mali yake kama yalivyo matairi. Lakini leseni ya kusafirisha abiria ni ruhusa yenye masharti na muda maalumu; LATRA huitoa, na yaweza kuisitisha au kuifuta. Kwa hiyo aliyenunua kifaa hakununua haki ya kukizima. Anayenunua basi lililokwisha kutumika naye ahakikishe kwanza kuwa leseni na usajili wa kifaa vinasomeka kwa jina lake.

Dereva naye ana haki yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa kusudi lililokusanyiwa. Kumbukumbu za mwendo wake ni za usalama, si za masimulizi ya stendi.

Abiria hamiliki kifaa wala leseni, lakini uhai ulio hatarini ni wake. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, ulinzi huo umezidi kuwa wa lazima, kwa kuwa usiku macho ya barabarani ni machache. Abiria anayeona basi likikimbizwa kupita kiasi, au kifaa kikichezewa, anaombwa kuandika namba ya gari, mahali na saa, kisha atoe taarifa LATRA au kwa Polisi wa Usalama Barabarani. Tiketi aliyoilipia inampa haki ya kufika salama. Kunyamaza kusimpokonye haki hiyo.